Nimeona Ukuta

Kazi iliingia saa tano usiku, tokeni za stima zikiwa zimebaki uniti mbili. Maneno 2,000, shilingi moja kwa neno, siku tatu. Mada ilikuwa imeshaamuliwa: jinsi ya kuchagua safari ya meli ya kitalii inayopita mferejini, kwa wasafiri wadadisi ambao hawajawahi kupanda meli za aina hiyo. Mteja simjui, hata nchi yake siijui, maana malipo hupitia kwa mtu wa katikati ambaye naye hukata chake. Mwisho wa maelekezo aliongeza sharti: iandikwe kwa "mimi". Msomaji ahisi anazungumza na mtu aliyefika.

Mimi maishani nimepanda chombo kimoja tu cha majini, feri ya Likoni. Nimeipanda mara nyingi hadi najua pa kusimama ili nishuke kabla ya mikokoteni, lakini ile ni safari ya dakika chache, haina vyumba vya kulala, na ukienda kwa miguu hulipi. Sikuona vile ningeigeuza iwe maneno 2,000 ya likizo.

Si ati hilo lilinitisha. Nimeshaandika kuhusu kuteleza kwenye theluji, kuhusu mbwa wa kuwinda bata, kuhusu mabomba yanayopasuka kwa baridi, yote nikiwa kwa bedsita yangu Zimmerman, dirisha likitazama ploti ya jirani. Siku hizi wateja hutaka uthibitishe kwamba si roboti iliyoandika. Hawajawahi kuuliza kama huyo binadamu ameona theluji.

Ila mara hii nilikuwa na mtu wa kumuuliza. Dadangu ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya kitalii. Aliondoka Mombasa mara ya kwanza 2016 na sanduku la kuazima, na tangu hapo huenda miezi minane, hurudi miezi miwili, huenda tena. Nikamwandikia: "Dada, ushawahi kupita Mfereji wa Panama?"

Jibu lilikuja kesho yake mchana, ujumbe wa sauti, mashine za kufulia zikinguruma nyuma yake. "Nshapita mara sita, mdogo wangu. Wataka kujua nini?"

"Ukoje?"

Kimya cha saa tatu. Kisha: "Mara sita zote nimeona ukuta."

Nitarudi kwa huo ukuta. Kwanza niseme kwamba mtu akikuambia "safari ya mfereji" bado hajakuambia kitu. Canal du Midi, kusini mwa Ufaransa, ilifunguliwa 1681 na ina kilomita 240. Boti zake ni za watu wachache, nyingine unakodi na kuiendesha mwenyewe bila leseni, mwendo ambao mtu wa baiskeli anakupita huku akikupungia mkono. Göta ya Sweden, ya 1832, ina malango 58 ya maji ndani ya kilomita 190, kwa hivyo siku nzima unasimama na kuanza kama matatu ya Githurai. Suez haina lango hata moja. Ni njia ya maji iliyonyooka jangwani, na meli hufuatana kwa foleni. Anayetaka mvinyo na utulivu aende Ufaransa, na simlaumu. Lakini anayetaka kuona mashine, kuona meli ya ghorofa kumi ikipandishwa mlima kwa maji matupu, huyo ni wa Panama. Niliichagua kwa sababu hiyo, na kwa sababu mtaalamu wangu alikuwa huko na hanilipishi.

Kama wewe ni kama nilivyokuwa, unadhani mfereji ni mtaro mrefu: mtu amechimba kutoka bahari hii hadi ile, maji yakaingia. Wafaransa nao walidhani hivyo. Ferdinand de Lesseps, akiwa na sifa zake zote za Suez, aliingia Panama miaka ya 1880 akitaka mfereji wa usawa wa bahari, usio na malango. Milima ikaporomoka kila mvua iliponyesha, homa ya manjano na malaria zikawapiga wafanyakazi, kampuni ikafilisika 1889. Inakadiriwa watu 22,000 walikufa. Wamarekani walipochukua kazi 1904 hatimaye waliacha kuulazimisha mlima ushuke hadi baharini. Waliufunga Mto Chagres kwa bwawa, likatokea Ziwa Gatún, mita 26 juu ya bahari, kisha wakajenga ngazi za maji za kuzipandisha meli hadi huko juu.

Meli ikitoka Karibi inaingia chumba cha kwanza pale Gatún. Milango inafungwa nyuma yake. Maji yanateremka kutoka ziwani kwa uzito wao wenyewe, hakuna pampu, na baada ya kama dakika nane meli nzima imeinuka. Vyumba vitatu hivyo, halafu ziwa, halafu mkato wa Culebra ambapo mlima ulipasuliwa, halafu ngazi moja ya kushuka Pedro Miguel na mbili Miraflores, na hapo ni Pasifiki. Kilomita 80, saa nane hadi kumi. Na ukiangalia ramani vizuri utacheka: kwa vile nchi yenyewe imejipinda, meli inayotoka Atlantiki kwenda Pasifiki inaelekea kusini mashariki. Unatoka bahari ya mashariki, unaishia mashariki zaidi. Hiyo niliiweka aya ya pili, na mteja aliipenda.

Sasa ukuta. Vyumba vya zamani, vile vya 1914, vina upana wa mita 33.5. Meli pana kabisa zilizotengenezwa kupita humo zina mita 32.3. Toa, gawa kwa mbili: inabaki kama sentimita 60 kila upande. Mtu akiwa kwenye roshani ya chini anaweza kuhesabu mikwaruzo ya saruji. Meli hushikwa katikati na vigarimoshi vya umeme vinavyotembea juu ya kuta, vinaitwa mula, yaani nyumbu, na hugonga kengele vinapoambiana jambo. Rubani wa mfereji akishapanda, amri ya chombo ni yake kabisa. Nahodha anabaki kuwa mgeni kwenye meli yake mwenyewe. (Rubani, kwa wazee wa Pwani, alikuwa mtu wa bahari kabla ndege hazijatunyang'anya neno.)

Dadangu analala chini ya usawa wa maji, chumba cha watu wawili kisicho na dirisha. Kazini anapanda ghorofa za wageni kwa ngazi za wafanyakazi. Baina ya hapo na hapo kuna ukumbi mrefu wa wafanyakazi, na mwisho wa ukumbi mlango wa chuma wenye kioo cha duara, ukubwa wa sinia ya mahamri. Hapo ndipo aliuona mfereji. "Niko na mashuka mikononi, nageuza uso, naona saruji. Imelowa, ina ukijani kama wa kisima. Yapita karibu hivi, nikadhani tumegonga. Nikasimama kidogo. Supavaiza akapita."

Nikamuuliza, mara nyingine tano je?

"Hicho hicho kioo, ukuta huo huo."

Siku ya mfereji ndiyo mbaya kuliko zote kwao. Siku za bandari wageni hushuka, vyumba vikabaki vitupu, mtu akapumua. Siku ya mfereji hakuna anayeshuka. Wanaamka alfajiri wakimbilie sitaha za juu, wanarudi kuchukua kofia, wanarudi kuchukua kamera, wanalowa na mvua, taulo mara mbili, saa saba mchana wote wamelala, saa tisa wote wako macho. Sauti ya mhadhiri inatoka kwenye vipaza sauti hadi vyooni: kulia kwenu mtaona hiki, kushoto kwenu kile. "Kushoto kwangu," alisema dadangu, "ni choo."

Kwa hivyo mwongozo wangu niliuandika kutoka kwa mtu aliyesikia mfereji. Na ulitoka mzuri, wacha nijisifu, kwa sababu anayesafisha vyumba anajua nani alirudi na furaha na nani alirudi na hasira. Wengi waliorudi na hasira, alisema, walikuwa wamenunua safari isiyo yao.

Kosa kubwa ni hili. Kuna safari za mfereji mzima na kuna za nusu, na matangazo huzipamba zote kwa picha zile zile. Ya nusu inapanda ngazi tatu za Gatún, inageuka ziwani, inashuka ngazi zile zile na kurudi Karibi. Kwa kawaida huanzia na kuishia Florida, siku kumi au kumi na moja, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi mahali pamoja. Haifiki Culebra, haifiki Miraflores, hauioni Pasifiki. Mtu anayetaka visiwa, jua na mfereji kidogo itamtosha kabisa. Mdadisi itamuumiza, kwa sababu meli itageuka akiwa ndiyo ameanza kuelewa. Ya mfereji mzima huchukua wiki mbili au zaidi, inaanzia pwani moja ya Marekani na kuishia nyingine, na siku nyingi ni bahari tupu. Kama huwezi kukaa siku nne ukiangalia maji na watu wale wale kwenye chakula, usijidanganye. Zinazopatikana kwa bei nafuu mara nyingi ni zile za majira ya meli kuhama, zinapotoka Karibi kwenda Alaska karibu na Aprili au zinaporudi karibu na Oktoba.

La pili ni malango yenyewe. Tangu Juni 2016 kuna seti mpya, Agua Clara na Cocolí, kubwa mno, upana mita 55. Meli kubwa za kisasa hupita humo. Hakuna nyumbu wala kengele, ni tagi zinazosukuma na kuvuta, na ukuta uko mbali. Ni kazi ya ajabu ya uhandisi, mabwawa yake ya pembeni hurudisha asilimia 60 ya maji, lakini kwa mara ya kwanza mimi ningetafuta meli ndogo inayopita malango ya zamani. Uliza kabla ya kulipa: meli hii hupita malango yapi? Anayeuza safari asipojua, tafuta mwingine.

Mambo ya roshani ndiyo yanakula pesa za watu. Chumba chenye roshani kinaongeza bei ya siku zote kumi na nne kwa ajili ya siku moja, na siku hiyo roshani yako itakuonyesha upande mmoja tu. Mfereji hutazamwa kutoka omo, mbele kabisa, ambako unaona milango ikifunguka na meli inayokutangulia ikiwa juu yako kama iko ghorofani. Meli nyingi hufungua sitaha ya mbele siku hiyo. Lala chumba cha ndani cha bei rahisi, tena katikati ya meli na ghorofa ya chini, ambako kuyumba ni kidogo, halafu amka saa kumi na moja alfajiri ukashike nafasi. Beba kofia na maji. Kiangazi cha huko ni katikati ya Desemba hadi Aprili. Miezi mingine jiandae kwa mvua.

Na kama hujui kabisa kama meli zinakufaa, usinunue wiki mbili ili ujue. Kuna boti za siku moja zinazotoka upande wa Jiji la Panama na kupita Miraflores na Pedro Miguel, unarudi kulala hotelini. Hii ndiyo ningeifanya mimi. Hilo sentensi la mwisho mteja alilitoa, maana tovuti yake inaishi kwa kuuza safari ndefu.

Alitoa na jingine, na hilo liliniuma.

Nilikuwa nimeandika aya tatu kuhusu waliochimba. Kwa sababu, fikiria, msafiri mdadisi yuko omo, kikombe cha kahawa mkononi, anaambiwa "Wamarekani walijenga". Wengi walioshika sururu walikuwa weusi kutoka visiwa vya Karibi. Barbados peke yake ilitoa kama watu 20,000. Malipo yalikuwa ya orodha mbili. Orodha ya dhahabu ilikuwa hasa ya Wamarekani weupe, waliolipwa kwa dhahabu, wakapewa nyumba nzuri na likizo. Orodha ya fedha ilikuwa ya wengine, waliolipwa kwa sarafu za fedha. Baadaye hizo orodha zikawa ubao mlangoni: duka la dhahabu na duka la fedha, dirisha la posta la dhahabu na la fedha. Kumbukumbu za hospitali na ajali za wakati wa Wamarekani zinataja vifo 5,609, wengi wao wa orodha ya fedha. Na chini ya hilo ziwa zuri wanalopigia picha kuna vijiji vilivyohamishwa maji yalipopanda; visiwa unavyoviona ni vilele vya milima iliyobaki nje.

Mteja aliandika pembeni: wasomaji wetu wako likizoni. Akaniachia homa ya manjano, kwa sababu ina faida: Panama huwataka wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo waonyeshe cheti cha chanjo, na Kenya ni mojawapo. Ugonjwa uliofukuza Wafaransa sasa sisi ndio tunaulizwa kama tumeubeba.

Nilimsomea dadangu aya hizo tatu kwa simu kabla sijazifuta. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo orodha ya fedha," alisema, "kwani ilikwisha?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kuhusu milango miwili ya jikoni, na lifti ambazo haruhusiwi, na namna mgeni anavyofuta bakshishi kwenye bili siku ya mwisho kwa kujaza fomu, bila kumwangalia mtu usoni. Hiyo niliirudisha kwenye mwongozo kwa mlango wa nyuma: nikaandika kwamba bei ya tiketi si bei ya safari, kwamba kuna vinywaji, matembezi ya bandarini na bakshishi ya kila siku, na kwamba bakshishi isiondolewe kwani ndiyo sehemu kubwa ya mshahara wa wanaokuhudumia. Mteja hakuiona. Iko hapo mpaka leo, chini ya jina la mtu ambaye sidhani yupo.

"Nitumie nisome," dada alisema. Nikamtumia.

Alisoma kwa siku mbili, vipande vipande. Kisha akaandika: "Mbona yasema 'niliposimama mbele nikahisi meli ikiinuka kama pumzi'? Nani alisimama?"

"Ndivyo wanavyotaka."

"Wewe hukusimama, mimi sikusimama."

Sikuwa na la kujibu. Akaongeza: "Lakini imeandikwa vizuri. Kumbe hizo karo hazikuenda bure."

Hapa ndipo inanibidi niseme lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo.

Machi 2020 meli za kitalii zilisimama dunia nzima. Dadangu akarudishwa nyumbani, akakaa karibu miaka miwili Likoni bila mkataba, akimsaidia mama kukaanga mahamri yasiyokuwa na wanunuzi kwa sababu ya kafyu. Mimi nilikuwa ndiyo naingia mwaka wa tatu. Masomo yakahamia mtandaoni na sikuwa na laptopu. Karo ikalala, bila karo hakuna kadi ya mtihani, na rafiki yangu mmoja wa Zimmerman akanionyesha jinsi ya kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Nikawapatia A nyingi watu nisiowajua, mwaka ule ule nilioacha chuo. Sikumwambia mtu nyumbani. Nilisema nimeahirisha.

2022 dada alipata mkataba tena. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunitumia 14,000 za semista. Nilikuwa na kodi ya miezi miwili. Nikazila. Semista iliyofuata akatuma tena, nikazila tena, safari hii nikiwa sina deni, kwa hivyo hata sababu sikuwa nayo. Alipouliza mbona simalizi, nikasema migomo ya wahadhiri imetuchelewesha, jambo ambalo hakuna Mkenya anayeweza kulipinga.

Mwezi wa tatu mwaka huu alinipigia video saa tisa mchana. Kule ni saa moja asubuhi. Nikaona kwanza anga, halafu kidevu chake, halafu kipande cha chuma kilichopakwa rangi nyeupe.

"Nimebadilishana zamu na Mfilipino wangu," alinong'ona kama mwizi. "Nusu saa. Wasema mtu asimame mbele, lakini mbele ni kwa wageni. Sisi tuna kijisitaha huku tezini. Haya, nieleze, nini hiki?"

Akageuza simu. Ilikuwa Gatún. Niliijua kama ninavyoijua steji ya Roysambu, na sikuwa nimewahi kuiona ikisonga. Meli yake ilikuwa ndiyo imeingia chumba cha kwanza, na kwa vile alikuwa nyuma, alichokuwa anakiona ni milango ikifungwa. Majani mawili makubwa ya chuma yalikuja polepole kutoka kwenye kuta, yakakutana kwa pembe, yakazuia Karibi nje. Nikamwambia yameelekezwa pembe hivyo ili maji yenyewe yayabane. Kengele za nyumbu zikalia. Akasema, "Ah, hizo ndizo! Miaka yote nasikia hizo kengele."

Maji yakaanza kupanda. Hayaonekani yakipanda, unaona tu ukuta ukifupika. Ule ukijani ulizama, saruji kavu ikaja, na mara ghafla juu ya ukuta kukatokea nyasi, barabara, mtu wa kofia amekaa ndani ya kile kigarimoshi, akampungia mkono. Dadangu akampungia. Nilimwona akitabasamu kwa namna ambayo sijaiona tangu baba azikwe.

Nikamwambia maji hayo yanatoka ziwani, matamu, kiasi cha lita milioni 200 kwa kila meli inayopita, na yanaishia baharini, na ni ziwa hilo hilo linalonywewa na watu wa Colón na Jiji la Panama. Kwamba mvua ilipogoma 2023 ilibidi meli zipunguzwe kutoka kama 36 kwa siku hadi chini ya 25. Kwamba 1928 kuna Mmarekani, Richard Halliburton, aliupita kwa kuogelea, akatozwa ushuru kama meli kulingana na uzito wake, senti 36. Hiyo ilimfurahisha sana.

"Wajua mengi," alisema. "Sasa sikiza. Mkataba waisha Oktoba. Graduesheni ni lini? Nataka niwe hapo, nishamwambia mama nitamshonea buibui jipya."

Chumba cha pili kilikuwa kinajaa. Ningeweza kusema migomo.

"Dada, mimi sisomi."

"Leo?"

"Niliacha. Wakati wa korona. Sikurudi."

Simu ilikuwa bado imeelekezwa kwa ukuta. Sikuuona uso wake. Niliona saruji ikifupika, nikahesabu, kwa mazoea ya kazi, kwamba zimebaki kama dakika nne.

"Na zile nilizotuma?"

"Nilikula."

Kengele zikalia tena. Mtu akaita kwa Kiingereza nyuma yake. Nyasi zilitokea tena juu ya ukuta, na barabara, na mtu mwingine wa kofia, na safari hii hakuna aliyepunga.

"Nitakupigia," alisema. Picha ikaenda.

Hakupiga. Siku ya kwanza nilijiambia hana bando. Siku ya pili meli ilikuwa imeshaingia Pasifiki na nikajua anayo, kwa sababu alimtumia mama picha: milango ya Gatún kutoka nyuma, na chini yake maneno, nimeuona mfereji leo. Mama akanitumia mimi, na mimi nikaiangalia kama mtu asiyejua ni nini.

Siku ya tisa ulikuja ujumbe. Hakukuwa na salamu.

"Nimehesabu. Ni 84,000."

Nilikuwa nimehesabu pia, usiku ule ule wa simu, kwenye karatasi, nikitumia rekodi za M-Pesa. Yangu ilikuja 91,000. Nilirudia mara mbili. Tofauti ilikuwa ile 7,000 ya atachmenti, ambayo alikuwa ameisahau.

Nikamtumia yangu.